Jaribu, Deni na Radhi: Somo kwa Aliyeanguka na Anayeogopa Kurudi

Kila bumu linapoingia, ushirika wetu wa Kikristo hapa chuoni hupungua. Siku za kwanza za muhula ukumbi unajaa, kwaya inaimba mpaka madirisha yanatetema. Ikifika wiki ya tano au ya sita, viti vya nyuma ni vitupu. Ukimuuliza mtu rafiki yake yuko wapi, anakujibu, "Yupo bize na desa, wana testi." Huenda ni kweli. Lakini nimefundisha vipindi vya Biblia katika ushirika huu kwa miaka miwili sasa, na nimeona kwamba wengi hawazuiwi na desa. Wanazuiwa na aibu. Kuna jambo limetokea, na wanaona hawana tena uso wa kukaa mbele ya Mungu, wala mbele yetu.

Somo hili nimeliandika kwa ajili yao. Nimelipanga kwa maneno matatu ya Kiswahili tunayoyatumia kila siku bila kuyachungulia ndani: jaribu, deni na radhi. Wasomaji Waislamu, ambao hapa Tanga ni majirani zetu wa chumba kwa chumba, nao wanakaribishwa. Neno lenyewe "toba" tunalitumia sote, na aibu ya baada ya kuanguka haichagui dini.

1. Jaribu

Tukisali Sala ya Bwana pamoja, kuna mahali sauti zetu hugongana. Wakatoliki wanasema "kishawishi", sisi wengine tunasema "majaribu". Wapo wanaocheka, lakini mgongano huo una somo. Nyuma ya maneno hayo mawili kuna neno moja la Kigiriki cha Agano Jipya, peirasmos, na neno hilo linabeba maana zote mbili: kupimwa na kuvutwa. Dhahabu hupimwa kwa moto ijulikane ubora wake. Samaki huvutwa kwa chambo ili aliwe. Tukio lile lile laweza kuwa kipimo kwa upande mmoja na chambo kwa upande wa pili.

Mtume Yakobo, katika sura ya 1 aya ya 13 hadi 15, anatumia hasa lugha ya wavuvi. Anasema Mungu hamvuti mtu kwenye uovu. Mtu huvutwa na tamaa yake mwenyewe na kunaswa, kama samaki anavyofuata chambo. Kisha tamaa ikitunga mimba huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Mtu yeyote aliyekaa na wavuvi wa Pangani atamwelewa Yakobo haraka. Samaki hana kosa kwa kuwa na njaa. Chambo hufanya kazi kwa sababu njaa ni ya kweli. Hatari ni ndoano iliyo ndani.

Hapa ndipo vijana wengi wa imani wanapojichanganya. Wanadhani kujaribiwa tayari ni kutenda dhambi. Msimamizi wa mtihani katoka nje kidogo, wazo la kuangalizia karatasi ya jirani likapita kichwani, na mtu anajiona keshapotea. Tangazo la kubeti limetokea kwenye simu, moyo ukaruka, naye anasema, "Mimi si Mkristo kitu." Sivyo. Mathayo sura ya 4 inasimulia kwamba Yesu alifunga siku 40, akaona njaa, na Ibilisi akaanzia hapo hapo kwenye njaa: mkate. Waraka kwa Waebrania 4:15 unafundisha kwamba Yesu alijaribiwa katika mambo yote kama sisi, ila hakutenda dhambi. Kama kujaribiwa kungekuwa dhambi, aya hiyo isingekuwa na maana. Wazo linalopita halijawa dhambi. Swali ni kama unalitengea kiti na kulipikia chai.

Kuna jambo jingine la kutenganisha, na naomba lisomwe taratibu. Mwanafunzi anayetakiwa kutoa ngono ili apewe alama hayuko kwenye "jaribu" lake. Anatendewa uovu na mtu mwingine. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaliita jambo hilo kosa la jinai, na pa kulipeleka ni TAKUKURU. Asiwepo mtu wa kumwambia dada huyo akatubu. Anayetakiwa kutubu anajulikana.

Turudi kwenye jaribu letu wenyewe. Biblia haitufundishi kusimama na kubishana nalo. Katika Mwanzo 39, Yusufu aliposhikwa na mke wa bosi wake aliacha vazi akakimbia. Hakubaki kutoa hoja. Kwa mwanafunzi, kukimbia ni mpango unaofanywa kabla ya saa yenyewe. Kama udhaifu wako ni pesa, lipa ada na hosteli siku ile ile bumu linapoingia, kabla ya kufungua kitu kingine kwenye simu. Kama ni kubeti, futa programu, na mwambie mtu mmoja kwamba umeifuta. Kama ni usiku na simu, iache ichaji kwenye chumba cha rafiki. Haya ni mambo madogo wala hayafanani na miujiza, lakini Yusufu naye aliokolewa na miguu.

2. Deni

Katika Mathayo 6:12, Yesu anapofundisha kusali, dhambi anaiita deni. Sisi kizazi cha bumu tunapaswa kulielewa neno hilo kuliko wazee wetu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na tangu hapo maelfu ya Watanzania wamesoma kwa fedha ambazo si zao. Bumu ni tamu mkononi, lakini kila aliyesaini fomu anajua kwamba lina siku yake ya kurudi.

Sasa, mtaani tuna msemo unaobandikwa hata kwenye ukuta wa kioski: dawa ya deni ni kulipa. Kwa madeni ya mtu na mtu, msemo huu ni wa haki kabisa. Shida ni kwamba tunaubeba hivyo hivyo hadi kwa Mungu. Mtu ameanguka, anajisemea, "Ngoja kwanza nikae sawa. Nifunge siku tatu, niache hii tabia mwezi mzima, ndipo nirudi kwenye ushirika." Maana yake: nilipe kwanza, ndipo nisamehewe.

Yesu aliujibu msemo huo kwa hesabu. Katika Mathayo 18 anasimulia mtumwa aliyedaiwa na mfalme talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Zidisha: ni siku milioni 60 za kibarua. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, anahitaji miaka 200,000. Na mtumwa huyo alipopiga magoti, aliomba nini? Hakuomba kusamehewa. Aliomba muda, akaahidi kulipa yote. Ndivyo tunavyofanya sisi. Mfalme hakumpa muda. Alimfutia.

Nina rafiki ambaye kwa ruhusa yake nasimulia kisa chake, nikibadilisha mambo machache asitambulike. Mama yake anauza machungwa Muheza. Muhula mmoja alimtumia mwanawe laki nne, sehemu ya ada. Jioni ile jamaa akaweka elfu ishirini kwenye mkeka, akashinda. Kesho yake akaweka zaidi. Siku ya nne mkeka ukachanika kwa timu moja tu, na kwenye simu ikabaki elfu kumi na nne. Aliacha kwaya. Aliacha kupokea simu za mama yake usiku, akawa anamtumia ujumbe kwamba yuko maktaba.

Tulipokuja kuongea, aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Hela iliniuma wiki moja. Kujificha kuliniuma miezi minne." Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu kwamba alitaka airudishe kwanza ile hela ndipo atubu. Na je, angeirudishaje? Kwa kubeti tena. Alikopa kwa wenzake watatu ili akomboe, zikaenda zote.

Tazama jinsi kitanzi hiki kinavyofungwa. Alikuwa na nia njema ya kulipa kabla ya kusamehewa, na nia hiyo ndiyo iliyomrudisha kwenye dhambi ile ile. Mwenye kudesa hufanya hivyo hivyo: anaangalizia mtihani wa pili ili kufunika kwamba wa kwanza hakuujua. Mwongo huongeza uongo ili kulinda ule wa kwanza. Deni la dhambi lina tabia ya pekee. Ukijaribu kulilipa kwa siri, linakua.

Ibilisi ana sauti mbili. Kabla hujaanguka anakwambia, "Hiki ni kidogo tu, nani atajua?" Ukishaanguka anageuza: "Hili ni kubwa mno, nani atakusamehe?" Sauti hizo zinapingana, lakini lengo lake ni moja, kwamba ubaki mbali. Ukizijua mapema, hazitakushika kirahisi.

Usiku ule Yesu alipokamatwa, wanafunzi wawili walianguka. Yuda alimuuza, Petro alimkana mara tatu. Wote wawili walijuta. Mathayo 27 inasema wazi kwamba Yuda alijuta, akarudisha vile vipande 30 vya fedha, akasema amekosa. Kwa kipimo cha "dawa ya deni ni kulipa", Yuda alifanya zaidi ya Petro, maana alirejesha hela yote. Lakini aliipeleka kwa makuhani walioinunua dhambi yake, nao wakamwambia hayo ni mambo yake mwenyewe. Akaenda peke yake, akafa peke yake. Petro alitoka nje akalia kwa uchungu, hakuwa na cha kurejesha, lakini siku ya tatu tunamkuta bado yuko na wenzake. Naamini Yuda naye angepokelewa kama angengoja. Tofauti ya watu hawa wawili haikuwa ukubwa wa kosa. Ni wapi walikwenda nalo.

Kama unasoma hapa na mawazo ya kujiondoa duniani yameshakupitia kwa sababu ya jambo lililotokea, tafadhali usimalize makala kwanza. Mpigie mtu sasa hivi: rafiki, mlezi wa wanafunzi, mchungaji, padre, shehe, mama yako. Sema sentensi moja tu: "Sipo sawa, njoo." Hayo mengine yatafuata.

3. Radhi

Hapa pwani mtu akisafiri, au wageni wakiagana, utasikia, "Tuwiane radhi." Tunalisema kama salamu, lakini lipasue neno uone. Kitenzi "kuwia" maana yake ya zamani ni kumdai mtu. Ndiyo maana katika Warumi 1:14 ya Biblia yetu ya Kiswahili, Paulo anapotaka kusema kwamba anadaiwa na Wayunani na wasio Wayunani, limetumika neno la ukoo huo huo, kuwiwa. Kwa hiyo ninapokwambia "niwie radhi", nakiri kwamba unanidai, na nakuomba udai huo uushike kwa wema. Wahenga wa pwani walikuwa wameshafika karibu sana na Mathayo 6.

Neno hilo linatufundisha kwamba msamaha ni tendo la anayedai. Aliyekosa anaweza kuomba, lakini hawezi kujisamehe deni la mtu mwingine. Na msamaha una gharama. Mfalme alipomfutia yule mtumwa, talanta 10,000 hazikuyeyuka hewani. Mfalme ndiye aliyezikosa. Hapo ndipo imani ya Kikristo inauona msalaba: Mungu hakusema kwamba dhambi si kitu, alikubali hasara yake iwe juu yake mwenyewe. Anayesema, "Mungu atasamehe tu, ni kazi yake," hajauliza nani alilipa.

Je, basi tunaowakosea tuwapite, tuseme tumeshamalizana na Mungu? Hapana. Zakayo katika Luka 19 aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na aliyemdhulumu kumrudishia mara nne. Lakini angalia mpangilio. Yesu aliingia kwanza nyumbani kwake, watu wakanung'unika, ndipo Zakayo akasimama na kuahidi. Hakununua ule ugeni. Ugeni ndio uliomfungua mkono. Kulipa watu ni tunda la kusamehewa, na tunda huja baada ya mti.

Afrika Mashariki tuna mfano wa karibu. Katika miaka ya 1930, uamsho ulianza kuenea kutoka Gahini, Rwanda, ukaingia Uganda, kisha Tanganyika kupitia Bukoba. Alama yake moja ilikuwa hii: watu waliotubu walirudisha vitu walivyoiba na kwenda kuwaomba radhi watu waliowachukia. Mmoja wao alikuwa kijana wa Kigezi, Festo Kivengere, aliyeokoka mwaka 1941. Alipanda baiskeli mwendo mrefu kwenda kumwomba radhi Mzungu mmoja aliyekuwa amemchukia moyoni. Baadaye alikuja kufundisha shule Dodoma, na mwaka 1960 alikuwa mkalimani wa Billy Graham kule Moshi.

Kisha zamu yake ya kudai ilifika. Tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere, wakati huo askofu wa Kigezi, alitoroka na mkewe Mera usiku kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda. Mwaka huo huo kikatoka kitabu chake, I Love Idi Amin, yaani nampenda Idi Amin. Watu wengi walishangaa kichwa hicho. Lakini Kivengere hakunyamaza kuhusu mauaji, aliyaeleza duniani kote. Kusamehe hakukumfanya aseme kwamba hakukuwa na kosa. Alikataa tu kuendelea kuishi akiwa amebeba chuki. Tushike hilo: msamaha hauondoi ukweli, na hauzuii sheria kufanya kazi yake. Aliyekubaka au aliyekuibia unaweza kumsamehe na bado ukafika polisi.

Na yule rafiki yangu? Jumamosi moja alipanda gari stendi ya Kange, wawili wetu tukamsindikiza hadi Muheza. Alimwambia mama yake kila kitu. Mama alikasirika, akalia, akamwambia, "Ungeniambia siku ile ile, mwanangu. Hela ningeijua, wewe ndiye niliyekuwa sikujui uko wapi." Likizo nzima jamaa alichuma na kubeba machungwa. Hela haikutimia yote, na mitihani miwili aliifanya baadaye kuliko wenzake. Wale watatu waliomkopesha anaendelea kuwalipa kidogo kidogo. Yote hayo ni matokeo, na msamaha haukuyafuta. Lakini anapokea simu za mama yake.

4. Pa kwenda

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Nimeshatubu chumbani peke yangu. Inatosha?" Mungu anasikia chumbani, hilo sina shaka nalo. Zaburi ya 32 inaeleza jinsi Daudi alivyokauka alipokuwa amenyamaza na jinsi alivyopata nafuu alipokiri mbele ya Mungu. Lakini Yakobo 5:16 inatuagiza pia kuungamiana sisi kwa sisi. Dhambi iliyojificha hupata nguvu kwa kufichwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mkoa huu una urithi mkubwa wa jambo hili, kwa mapokeo tofauti. Pale Magila, Muheza, walikuja wamisionari wa UMCA, misheni iliyozaliwa vyuoni. Chanzo chake ni hotuba ya David Livingstone huko Cambridge tarehe 4 Desemba 1857, na waliojitokeza walitoka Oxford, Cambridge, Durham na Dublin. Kazi ya Magila ilisimama imara kuanzia 1875, alipofika J. P. Farler. Wao walifundisha kitubio: unakwenda kwa kasisi, unataja dhambi yako kwa jina lake, unasikia kwa masikio yako ukitangaziwa msamaha. Wakatoliki wanafanya hivyo kama sakramenti, na padre hawezi kuivunja siri ya kitubio hata akitishiwa. Wamisionari wa Bethel waliofika Tanga mwaka 1890 na Mlalo mwaka 1891 walileta Ulutheri. Wengi wanadhani kwa Walutheri kuna ungamo la pamoja la ibadani tu, lakini Katekisimo Ndogo ya Luther ina sehemu ya ungamo, na mchungaji wako hawezi kukushangaa ukimwomba. Wenzetu wa mkondo wa uamsho wanashuhudia mbele ya kundi na kuliita kutembea nuruni.

Kila njia ina nguvu yake na hatari yake. Ya siri inaweza kuwa mazoea ya kutaja orodha. Ya hadharani inaweza kugeuka maonyesho, au ikamwachia mtu jeraha kwa sababu waliosikia hawakuwa na kifua. Ushauri wangu kwa mwanafunzi ni huu: chagua mtu mmoja aliyekomaa, mwenye siri, ambaye hatafaidika na habari zako. Taja jambo kwa jina lake halisi. Usiseme "nimeyumba kidogo kiroho". Sema "nimeiba", "nimedesa", "nimelala na mtu". Kisha mwombe akusomee 1 Yohana 1:9, na uisikie kama inayokuhusu. Usiandike ungamo lako kwenye kundi la WhatsApp.

Kama jambo linajirudia mwezi baada ya mwezi, ongeza msaada mwingine. Kubeti, pombe na picha chafu vinaweza kumfunga mtu kiasi kwamba anahitaji mshauri nasaha pamoja na sala. Kumwona mshauri si upungufu wa imani. Mtu mwenye malaria anasali na anakunywa dawa.

5. Ushirika usiwe mahakama

Neno la mwisho ni kwetu tunaobaki kwenye viti vya mbele. Tunalalamika kwamba walioanguka hawarudi. Wanarudi wapi? Katika usharika mmoja nilioabudu nikiwa sekondari, binti aliyepata mimba alitengwa, na baadaye akasimamishwa mbele ya watu wote ili arudi kundini. Kijana aliyehusika, ambaye kila mtu alimjua, alikuwa ameketi kwenye kwaya amevaa joho. Hakuna aliyemwita. Nidhamu ya kanisa ina mahali pake, lakini nidhamu inayomwona mmoja tu kati ya wawili haijatoka kwa Kristo. Katika Yohana 8 walimleta mwanamke peke yake, ingawa kosa lile halifanywi na mtu mmoja, na Yesu hakulikubali shauri lao. Alimwachilia, na alimwambia asirudie. Yote mawili, kwa pamoja.

Kumbuka jinsi ile hadithi ya talanta inavyokwisha. Mtumwa aliyefutiwa siku milioni 60 alimkaba koo mwenzake kwa dinari 100, kibarua cha miezi mitatu na ushee. Ndivyo tunavyoonekana tunapomnong'ona mwenzetu kwenye korido za hosteli.

Petro alipopokelewa tena ufukweni, katika Yohana 21, Yesu hakumsomea mashtaka. Alikuwa ameshawasha moto na kuandaa samaki na mkate. Kisha alimuuliza mara tatu kama anampenda, sawa na mara alizokana, na kila mara akamkabidhi kazi. Yule aliyekana hakupewa kiti cha nyuma. Basi mwenzetu akirudi, tusimwombe maelezo mlangoni. Tumpe kitabu cha nyimbo, tumpishe akae, na wiki inayofuata tumpe kazi ya kufanya.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Taja jambo moja ambalo kwako ni jaribu lakini bado si dhambi. Mpango wako wa "kukimbia" ni upi, na nani anaujua?

2. Soma Mathayo 18:21-35. Mtumwa aliomba muda badala ya msamaha. Wewe unamwomba Mungu muda katika jambo gani?

3. Linganisha Yuda na Petro. Katika ushirika wetu, aliyeanguka angeenda kwa nani? Kama hamna jina la kutaja, tufanye nini?

4. Kuna mtu unayemdai radhi, au anayekudai wewe? Ni hatua gani unaweza kuichukua kabla ya Jumapili?